Upasuaji wa Aota Uanzie Wodi ya Wazazi

Mtoto anaweza kuzaliwa na aota iliyobana, akalia vizuri, akanyonya na kuruhusiwa nyumbani. Aota ndiyo mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, na siku za mwanzo kasoro yake hufichwa na mshipa mdogo uliokuwa ukipitisha damu alipokuwa tumboni mwa mama. Mshipa huo ukiziba, kwa kawaida ndani ya siku chache, figo, matumbo na miguu hukosa damu. Mtoto huacha kunyonya, huhema mbiombio, miguu ikapoa, na mara nyingi hudhaniwa ana maambukizi. Akifikishwa kwa mpasuaji katika hali hiyo, figo zimeshaumia na moyo umechoka. Ndiyo maana nasema tunakosea tunapohesabu vyumba vya upasuaji peke yake, kwani mtoto huyu huokolewa au hupotezwa mikononi mwa mkunga.

Upasuaji wenyewe si mgeni. Clarence Crafoord aliufanya Stockholm mwaka 1944: alikata sehemu iliyobana, akaunganisha ncha mbili. Leo, kasoro ikiwa hiyo tu, mpasuaji hupitia kati ya mbavu za kushoto, mara nyingi bila hata mashine ya kuendeshea moyo na mapafu. Tanzania, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete hupasua watoto wenye maradhi ya moyo. Kinachokosekana ni kumtambua mtoto mapema, na hilo lataka vidole vya mkunga vinavyotafuta mapigo pale paja linapoanzia, na kifaa cha kupima oksijeni mkono wa kulia na mguuni. Wapo wanaosema kifaa hicho huwakosa wengi wenye aota iliyobana. Ni kweli, na ndiyo sababu vidole visiachwe. Wengine huuliza: kuna faida gani kugundua ugonjwa mkoani, mpasuaji akiwa Dar es Salaam? Hoja hii ni nzito zaidi. Jibu lake ni prostaglandini, dawa ya dripu inayouacha wazi ule mshipa mdogo hadi mtoto afike. Inaweza kusimamisha pumzi, hivyo inahitaji muuguzi wa kumwangalia mtoto njia nzima. Lakini Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu kwa watoto, na hospitali za rufaa za mikoa hazina budi kuwa nayo.

Mama, Shirika hilo hilo linashauri ukae kituoni angalau saa 24 baada ya kujifungua. Kabla hujaondoka, muulize mkunga kama ameyapima mapigo ya mapajani mwa mwanao.