Kadi ya kliniki ndani ya sanduku la khanga

Saa tatu usiku, vyombo vikishaoshwa, mama mmoja wa Mikindani huegemeza mto ukutani na kumwita binti yake anayesoma kidato cha tatu. Flashi imeshachomekwa kwenye televisheni. Mchana ilijazwa kwenye kibanda mjini Mtwara, ambako kijana mwenye kompyuta hukuwekea tamthilia nzima ya Kikorea, na juu yake sauti ya mtafsiri anayesimulia kwa Kiswahili, kwa mtindo uleule uliompa jina Lufufu enzi za kanda za video.

Mama huyo huuza samaki na pweza wa kukaanga. Kutwa yuko mbele ya moto. Usiku ndio wakati wake, na maoni yake kuhusu tamthilia hizo mtaa mzima unayajua, kwa sababu hajui kuyasema kwa sauti ndogo.

Hoja yake ya kwanza ni magari. Anasema Wakorea hawaangalii barabara. Wapenzi wakishapatana tu, lori linatokea. Na hakosei. Katika Winter Sonata ya mwaka 2002, kijana anapata ajali ya gari na kusahau maisha yake ya nyuma. Katika Stairway to Heaven, iliyoanza kuonyeshwa mwishoni mwa mwaka 2003, msichana anagongwa na gari na kupoteza kumbukumbu, na akishazipata anapatwa na saratani ya jicho. Katika Boys Over Flowers ya mwaka 2009, kijana tajiri anaamka hospitalini akiwakumbuka watu wote isipokuwa mchumba wake.

"Huyo hajasahau, huyo anakwepa mahari," mama huyo alisema usiku ule, na binti yake akacheka mpaka akamwaga chai.

Hoja ya pili ni mama mkwe na bahasha. Mtoto wa tajiri akimpenda binti wa maskini, mama yake kijana anakuja na hela ili binti aachane na mwanawe. Kwenye Boys Over Flowers familia ya binti ni ya mafundi wa kufua nguo, na fedha wanazoahidiwa ni nyingi. Wanakataa. Hapo mama wa Mikindani huuliza swali lake maarufu: "Mjomba wake yuko wapi?"

Kwa mtu wa kusini ni swali la maana. Kwa desturi za Wamakonde, Wayao na Wamwera, ukoo ulifuatwa kwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na kauli kubwa katika ndoa ya mpwa wake. Hakuna mama mkwe ambaye angeingia nyumba ya watu na bahasha bila kukutana naye mlangoni. Kwenye tamthilia za Kikorea binti husimama peke yake mvuani, analia, mpaka atokee kijana na mwavuli.

Hoja ya tatu humkasirisha kweli. Ni pale kijana anapomshika msichana kifundo cha mkono na kumvuta mbele za watu, muziki mtamu ukipigwa. "Mwanangu, anayekupenda atakuita," humwambia binti yake. "Hakuburuzi kama mbuzi wa mnadani." Mzazi anayetafuta namna ya kuzungumza na binti wa miaka 16 kuhusu mapenzi na heshima hahitaji kuitisha kikao. Anaweza kukaa naye mbele ya tamthilia na kusema neno kama hilo kwa wakati wake.

Kwa nini mambo hayabadiliki

Mbinu hizi hujirudia kwa sababu. Tamthilia nyingi za Kikorea zina sehemu 16, na kwa miaka mingi vituo vya huko vimekuwa vikionyesha sehemu mbili kwa wiki. Mara nyingi sehemu za mwisho zilikuwa bado zinarekodiwa wakati za mwanzo ziko hewani. Mwandishi alihitaji kitu cha kumfanya mtazamaji arudi wiki ijayo, na ajali, ugonjwa na siri ya kuzaliwa hufanya kazi hiyo haraka. Autumn in My Heart ya mwaka 2000 ilitumia mawili kwa pamoja: watoto waliobadilishwa hospitalini walipozaliwa, kisha saratani ya damu.

Tatizo ni pale mtazamaji anapochukua elimu ya afya humo. Mambo mawili yanafaa kurekebishwa.

La kwanza ni kichwa. Mtu aliyeumia kichwani anaweza kusahau, lakini mara nyingi husahau tukio lenyewe na muda mfupi kabla au baada yake. Kusahau jina lako na mama yako huku ukikumbuka mengine yote ni jambo la nadra sana. Mtoto akianguka kwenye mwembe au akipata ajali ya bodaboda, usingoje asahau jina. Dalili za kumkimbiza hospitali ni kutapika mara kwa mara, maumivu ya kichwa yanayozidi, usingizi usio wa kawaida, degedege, kuchanganyikiwa au kupoteza fahamu.

La pili ni damu ya puani. Kwenye tamthilia, tone moja likidondoka kwenye daftari, ujue steringi hafiki sehemu ya 16. Kwa watoto wetu damu ya puani mara nyingi hutokana na kuchokonoa pua, mafua au hewa kavu. Mkalishe mtoto, ainamishe kichwa mbele kidogo, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia, apumue kwa mdomo. Usimwinamishe nyuma, maana damu itaingia kooni. Ikipita nusu saa bado inatoka, au ikiwa inajirudia sana, nendeni kituo cha afya.

Karatasi ya majibu

Mbinu ya nne ndiyo iliyoingia ndani ya nyumba ya Mikindani. Mhusika mkuu anapewa majibu na daktari. Anaikunja karatasi, anaitia kwenye mkoba, anarudi nyumbani anatabasamu. Anamwambia mchumba wake hampendi tena, ili asimwone akiteseka. Watazamaji wanalia kwa sababu wanajua asichokijua mwenzake.

Wiki moja kabla walikuwa wakitazama When Life Gives You Tangerines ya mwaka 2025, inayohusu familia ya kisiwa cha Jeju. Kisiwa hicho kinajulikana kwa wanawake wanaozama baharini bila mitungi ya hewa kutafuta mazao ya bahari, na mwaka 2016 UNESCO iliiweka kazi yao kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Mama huyo aliipenda tangu mwanzo. "Hawa ndio watu," alisema, akiwakumbuka wanawake wenzake wanaoingia na vijiti kutafuta pweza maji yakipwa wakati wa bamvua. Lakini mzamiaji mmoja alipofariki akiwa na miaka 29 na kuacha watoto wadogo, mama hakutoa maoni yoyote. Binti aliona.

Usiku wa karatasi ya majibu ilikuwa tamthilia nyingine. Mhusika alipoikunja karatasi yake, mama alipiga paja. "Mwambie mwenzio, we mtoto! Utakufa na siri?"

Binti hakucheka. Aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na kadi ya kliniki na pakiti ya vidonge iliyobaki nusu. Alikuwa amevikuta siku chache nyuma kwenye sanduku la khanga, alipotumwa doti ya kuvaa shughulini. Kwenye kadi kulikuwa na vipimo vya presha vya siku mbili tofauti, vyote viko juu, na tarehe ya kurudi kliniki iliyokuwa imepita kwa miezi miwili.

"Na wewe, mama, utamwambia nani?"

Mama alikaa kimya kwa muda. Kisha akatoa sababu zake, na hakuna mzazi wa Mtwara ambaye hatazitambua. Hakutaka kuwatia watoto hofu. Binti ana mitihani. Angelala kitandani, biashara ingesimama. Na vidonge aliviacha kwa sababu alijisikia nafuu, kichwa hakikuuma tena, akaona amepona.

Ugonjwa usio na dalili

Sababu hiyo ya mwisho ndiyo ya hatari kuliko zote. Shinikizo la juu la damu mara nyingi halina dalili yoyote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wazima zaidi ya bilioni 1 wanaishi nalo, na karibu nusu yao hawajui. Mtu huambiwa anayo pale vipimo vinapoonyesha 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti. Kujisikia vizuri hakuonyeshi kwamba imepona, na mara nyingi presha iliyoshuka imeshushwa na dawa zenyewe. Ukiziacha bila kumwona mtaalamu, inapanda kimyakimya, na taarifa ya kwanza inaweza kuwa kiharusi, moyo kushindwa kufanya kazi au figo kuharibika.

Kuna jambo jingine ambalo siri huwanyima watoto. Presha huenda ikatembea katika familia. Binti asiyejua kwamba mama yake anayo hatakuwa na la kujibu siku atakapokuwa mjamzito na muuguzi akamuuliza historia ya nyumbani. Pia watu wa nyumba moja hula chungu kimoja. Ng'onda ni mtamu, lakini chumvi yake ni nyingi, na mpishi asiyeambiwa kitu hana sababu ya kuipunguza.

Kwenye tamthilia, siri hutunzwa kwa upendo na hulipwa kwa machozi ya sehemu ya mwisho. Nyumbani malipo ni mengine. Watoto huona mama amepunguza maneno, anashika ukuta akiinuka, anatoka asubuhi bila kusema aendako. Wasipoambiwa watajaza wenyewe, na mara nyingi wanachojaza ni kikubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Binti yule alikiri kwamba kwa siku zile chache, kabla hajauliza, alidhani ni saratani. Ndiyo ugonjwa anaouona kila usiku.

Namna ya kusema

Mzazi mwenye majibu mkobani hahitaji hotuba. Taja ugonjwa kwa jina lake. Eleza tiba ni nini na inamezwa lini. Sema kipi hakitabadilika nyumbani: shule ni ileile, chakula kipo, mama yupo. Kisha mpe mtoto kazi moja anayoiweza, kama kukumbusha saa ya dawa au kuandika tarehe ya kliniki ukutani. Mtoto mdogo maneno machache yanamtosha, ila aruhusiwe kuuliza. Ukiulizwa usilolijua, jibu kwamba mtamuuliza daktari pamoja. Usiahidi usichoweza kutimiza, na usimbebeshe mtoto siri ya kuficha kwa wengine.

Mtu mzima naye aambiwe. Asubuhi yake mama wa Mikindani alimpigia simu kaka yake aliyeko Madimba. Kaka alifika Jumamosi, akaamkiwa na mpwa wake, akaketi, akasoma kadi mbele na nyuma. Hakufoka. Aliuliza tu kliniki ni siku gani, na nani atashika biashara siku hiyo. Jibu la swali la pili lilikuwa shemeji wa jirani, ambaye muda wote huo alikuwa tayari kusaidia lakini hakuna aliyemwambia kuna shida.

Kliniki muuguzi alimpima, akamrudisha kwenye dawa, akampangia tarehe mpya. Alimwambia pia asimgawie jirani vidonge vyake, hata jirani huyo akilalamika presha, kwa kuwa kila mtu huandikiwa kulingana na vipimo vyake.

Tamthilia hazijasimama. Flashi inajazwa kama kawaida, malori yanaendelea kugonga wapenzi, na mjomba wa Kikorea hajatokea mpaka leo. Kilichobadilika ni kwamba kadi imetoka kwenye sanduku, inaning'inia kwenye msumari juu ya televisheni. Juzi mhusika mwingine alipokea karatasi yake ya majibu, akaikunja. Binti alibonyeza rimoti, picha ikasimama, akamgeukia mama yake.

"Usiniangalie mimi," mama alisema. "Nimeshameza. Washa tuone huyo anamficha nani."