Jua la Jioni na Foto ya Kweli

Ukisafiri toka Likasi kwenda Kolwezi saa za jioni, jua liko mbele ya macho yako. Mwezi wa 7 na wa 8 linakuwa jekundu sana. Sababu ni nini? Jua likishuka, mwangaza wake unapita katika hewa nyingi. Rangi ya buluu inatawanyika njiani, nyekundu inabaki. Moshi wa pori linaloungua na vumbi la kamyo vinazidisha ule wekundu.

Basi motokari ikisimama, shuka, songa mbali na barabara. Gusa jua juu ya kioo cha telefone, punguza mwangaza kidogo. Fanya mbio: jua likigusa mulima, zinabaki dakika 2 ao 3 tu.

Kisha inakuja kazi ya kurekebisha. Kunyoosha foto iliyopindama si mubaya. Lakini wengine wanafuta ule mulima mweusi wa takataka za shaba pale Lubumbashi, wanafuta kamyo, wanafuta hata mama mwenye gunia la makala. Halafu wanatumia ndugu walio Ulaya: “Tazameni kwetu!” Ni kwetu gani huko? Vumbi lile lile linalopendeza mu foto, watoto wa kando ya barabara wanalivuta kila siku. Ukilifuta, nani ataliuliza?

Wazazi, muzoeze watoto hivi: foto ya kwanza isifutwe. Na chini yake waandike pahali na siku.