Ndimu Haikaushi Damu: Kila Baraza na Iwe na Mndimu Mmoja

Mama mjamzito akionekana anakamulia ndimu kwenye mboga yake, hakosi mtu wa kumkanya. Ataambiwa aache mara moja kwa kuwa ndimu "inakausha damu". Msichana aliye katika siku zake naye huambiwa asiiguse. Maneno haya husemwa Namawala, husemwa Ifakara mjini, na hata Dar es Salaam utayasikia kwa watu waliosoma. Mimi nasema kwamba maneno haya yanatuumiza, tena yanawaumiza wale wale ambao damu yao ni kidogo. Napendekeza kinyume chake: kila nyumba yenye baraza iwe na mndimu mmoja kwenye debe, na ndimu zake zikamuliwe kwenye sahani za mama na za watoto.

Nadhani imani hiyo imetoka jikoni kwetu wenyewe. Tukimkamulia samaki ndimu ili kuondoa shombo, tunaona maji ya damu yanatoka na nyama inageuka kuwa nyeupe. Basi mtu husema: kama imefanya hivi kwa kambare, itafanyaje kwa mtoto wangu? Lakini ndimu tunayokula haiendi kwenye mishipa. Huenda tumboni, na tumbo lenyewe lina tindikali yake, kali kama ya ndimu au zaidi.

Damu kupungua ni jambo zito kwetu. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu watoto 6 kati ya 10 walio chini ya miaka mitano katika Tanzania wana upungufu wa damu, na wanawake walio katika umri wa kuzaa ni zaidi ya 4 kati ya 10. Katika Bonde la Kilombero sababu ya kwanza twaijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliokaa Namawala kuhesabu mbu walikuta kwamba mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria kiasi cha mara 300 hivi kwa mwaka. Vyandarua vimepunguza sana balaa hilo, lakini hakijawa kitu cha kusahau. Kila malaria huvunja chembe nyekundu za damu. Juu ya hayo kuna minyoo ya safura inyonyayo damu, kuna uzazi wa karibu karibu, na kuna sahani ya wali au ugali yenye mboga kidogo.

Mwaka 1995 watoto zaidi ya 800 waliozaliwa katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, waliingizwa katika utafiti mmoja mkubwa. Wengine walipewa matone ya madini ya chuma, wengine dawa ya kukinga malaria, wengine vyote viwili, na wengine dawa bandia. Matokeo yalitolewa mwaka 1997. Chuma kilipunguza upungufu mkali wa damu, na kinga ya malaria iliupunguza zaidi. Kwa hiyo nisieleweke vibaya: chandarua kwanza, na mtoto mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo. Ndimu haitibu malaria, hata ikichemshwa na tangawizi na vitunguu saumu.

Kazi ya ndimu ni nyingine. Chuma kilichomo katika matembele, mchicha, kisamvu na maharage ni kigumu kuingia mwilini. Sehemu kubwa hupita tumboni na kutoka tu, hasa kikikutana na vitu vilivyomo katika nafaka na kunde ambavyo hukifunga. Vitamini C ikiwapo katika mlo huo huo, hukifungua. Katika mlo mmoja chuma kinachoingia mwilini chaweza kuongezeka mara mbili au zaidi. Samaki na nyama husaidia pia kwa namna yake, ila si kila siku tuna perege. Majani ya chai hufanya kinyume chake: chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huzuia chuma kisiingie. Hapo ndipo nashangaa. Mama anakatazwa ndimu inayomsaidia, na papo hapo anamiminiwa kikombe cha chai ili ashushie maharage. Chai na isubiri saa moja au mbili baada ya kula.

Jambo moja wengi hulikosea. Vitamini C huharibika kwa moto na kwa kukaa. Ukikamulia ndimu ndani ya sufuria inayochemka, unapata uchachu tu. Kamulia kwenye sahani, chakula kikiwa tayari mezani au mkekani. Wanamaji wa Uingereza walijifunza jambo hili kwa shida. Mwaka 1747 daktari wao, James Lind, aliwagawia mabaharia 12 waliougua kiseyeye vitu mbalimbali, wawiliwawili. Wawili waliopewa machungwa na malimao ndio waliopona haraka. Mwaka 1795 jeshi lao la majini likaanza kutoa maji ya limao kwa mabaharia wote, na kiseyeye kikatoweka karibu kabisa. Katika karne ya 19 wakabadili, wakachukua maji ya ndimu, yenye vitamini hiyo kidogo kuliko limao, yakapitishwa kwenye mabomba ya shaba na kuwekwa muda mrefu. Kiseyeye kikarudi. Ndiyo maana nasisitiza mti ulio hatua chache kutoka jikoni kuliko chupa ya maji ya ndimu iliyokaa dukani.

Nikiri hapa kwa ajili ya haki kwamba pera huishinda ndimu mbali sana kwa vitamini C, na chungwa pia huishinda. Lakini hakuna anayekamulia pera kwenye kisamvu, na chungwa lina msimu wake. Mndimu ukitunzwa huzaa karibu mwaka mzima, na ndimu mbili tatu zikigawanywa kwenye sahani za familia kila siku zina faida kuliko machungwa kumi ya siku moja. Kwa watoto, ngoja mpaka miezi sita itimie. Kabla ya hapo ni maziwa ya mama peke yake. Baada ya hapo matone machache kwenye mboga iliyopondwa yatosha. Mama mjamzito aendelee na vidonge vyake vya kliniki. Lakini vidonge vya chuma asipewe mtoto kwa kununua dukani bila kupimwa: utafiti uliofanyika Pemba na kutangazwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba watoto wa nchi yenye malaria nyingi waliopewa chuma cha vidonge kila siku walikuwa katika hatari zaidi ya kulazwa au kufa. Chuma cha mboga huingia taratibu.

Sasa, kwa nini debe? Mtu wa Muheza atatucheka, maana kwao michungwa imejaa mashambani. Lakini mizizi ya jamii ya mndimu haivumilii kusimama majini. Kwetu, masika yakikolea, viwanja vya sehemu za chini hulowa kwa wiki nyingi, na mndimu uliopandwa ardhini huanza kugeuka manjano, hupukutisha majani, halafu hufa ukiwa bado mchanga. Wengi tena wamepanga vyumba, na mwalimu au mganga aliyehamishwa hawezi kung'oa mti wake. Mti ulio kwenye debe hupanda juu ya baraza mvua ikizidi, na mwenyewe akihama huupakia garini pamoja na godoro.

Debe la lita 20 latosha kwa kuanzia, au ndoo iliyopasuka mdomo. Usitumie kamwe chombo kilichowahi kuwa na dawa ya magugu au ya wadudu, ambavyo siku hizi vimezagaa mashambani mwa mpunga. Hata kikioshwa mara kumi hakifai. Toboa matundu matano au sita chini, uyafunike kwa vigae vya chungu ili udongo usitoke, kisha uinue debe juu ya matofali mawili. Udongo mweusi wa mbugani usiutumie peke yake. Ukilowa hushikamana kama ugali, ukikauka hupasuka. Changanya mafungu mawili ya udongo wa juu wa bustanini, fungu moja la mchanga wa mto, na fungu moja la samadi iliyooza kabisa. Pumba za mpunga zilizooza nyuma ya mashine ya kukoboa zafaa pia, zinalegeza udongo. Debe la bati hupata joto kali la jua la alasiri na kuchoma mizizi, hivyo lizungushie gunia kuukuu.

Mbegu ya ndimu ina wema wake: mara nyingi hutoa mti unaofanana na mama yake. Ichukue ikiwa mbichi na uipande siku hiyo hiyo, kwa maana ikikaushwa juani hufa. Tatizo ni kungoja, miaka mitatu mpaka sita. Asiye na subira atafute mche uliobebeshwa, ambao huwahi kuzaa. Auangalie penye kiungo, asikifukie udongoni. Kwa chungwa na limao mimi nashauri mche wa kubebeshwa tu.

Wapo wanaotaka kuuweka sebuleni kama maua ya plastiki. Mti huu unahitaji jua la saa sita hivi kwa siku, na nyumba zetu zenye madirisha madogo hazina mwanga huo. Wafalme wa Ufaransa walijenga jumba kubwa huko Versailles katika miaka ya 1680 kwa ajili ya kuhifadhi michungwa yao ya kwenye masanduku, lakini wao walikuwa wanakimbia baridi, na majira ya joto yakifika walitoa yote nje. Sisi hatuna baridi ya kukimbia. Barazani upande wa jua la asubuhi ndipo mahali pake. Akiwapo mtoto anayetambaa, pandisha debe juu, maana miiba yake iko sawasawa na macho yake. Mbuzi nao hawaogopi miiba.

Kumwagilia ndiko kunakoua miti mingi kuliko wadudu. Chomeka kidole, pakiwa pakavu mpaka fundo la kwanza, mwagilia hadi maji yatoke chini. Wakati wa kiangazi huenda ikawa kila siku, wakati wa masika pengine usimwagilie kabisa kwa wiki. Wala usiweke sahani ya kukinga maji chini ya debe. Mbu wa malaria hupendelea madimbwi, majaruba na kingo za mito, lakini wako mbu weusi wenye madoa meupe, waumao mchana, ambao huzaa katika vyombo vidogo kama hivyo. Hao ndio waenezao homa ya dengi iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Haifai kuponya damu kwa mkono mmoja na kufuga mbu kwa mwingine.

Majani machanga yakigeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, mti wenyewe umepungukiwa na chuma au zinki. Naam, hata mndimu huugua upungufu wa chuma! Mara nyingi ni mizizi iliyolowa mno. Ikaushe kwanza, kisha ongeza samadi juu. Ukiona kitu kama kinyesi cha ndege juu ya jani, kitazame vizuri: ni kiwavi cha kipepeo, nacho kikiguswa hutoa pembe mbili zenye harufu kali. Kitoe kwa mkono, na watoto watafurahia kazi hiyo. Vidukari na wadudu gamba futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Dawa za sumu zisifike kwenye mti ambao ndimu zake zinaliwa siku hiyo hiyo, hatua mbili kutoka mlangoni.

Baada ya miaka miwili au mitatu mizizi itakuwa imejaa. Toa mti, punguza mizizi ya pembeni, urudishe na udongo mpya, na matawi uyapunguze pia. Ukikamua ndimu nawa mikono kabla ya kwenda juani. Maji yake juani huunguza ngozi na kuacha mabaka meusi. Mwenye vidonda vya tumbo atumie kidogo, au asitumie kama humuumiza. Na mtoto asizoee kufyonza ndimu kutwa nzima, meno huliwa.

Mbegu zinazotupwa jikoni kwa juma moja zatosha miche ya jumuiya ndogondogo nzima. Anayeotesha aoteshe mitatu: mmoja wake, wa pili wa jirani mwenye mimba, wa tatu wa akiba, kwa sababu mmoja utaliwa na mbuzi.