Mlima Usio na Maji

Wengi wetu tusafirio kati ya Nakuru na Nairobi huuona mlima Longonot tupitapo Naivasha, lakini ni wachache waliowahi kuupanda. Nao waliopanda, mara nyingi hurudi wakinung'unika: "Tumelipa kiingilio, wala hatukuona mnyama." Malalamiko hayo yafaa kujibiwa.

Longonot, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983, ni mlima wa moto uliolala, wenye kimo cha meta 2,776. Udongo wake ni wa majivu ya volkeno. Mvua ikinyesha, maji huzama upesi. Kwa hiyo wanyama hawakai mahali pamoja wakimngoja mgeni. Adhuhuri hujificha kivulini, na wengine huwa katika msitu ulio ndani ya shimo la mlima, ambamo mtu aliye ukingoni huona vilele vya miti tu. Atakaye kuona twiga, punda milia au swala na afike mapema asubuhi, achukue maji yake ya kunywa, tena anyamaze. Kutoka langoni hadi ukingoni ni kilometa 3 hivi; kuuzunguka ukingo wote ni 7 zaidi. Mwenye kwenda na redio ya kelele asitazamie kuona hata pimbi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Lakini liko jambo kubwa kuliko adabu ya mgeni. Wanyama wa nchi kavu huishi kwa kutembea, na njia zao ziliwafikisha Hell's Gate na ziwa Naivasha, penye maji na majani. Njia hizo sasa zinazibwa kwa seng'enge, mashamba na nyumba. Hatuwezi kumlaumu mkulima alindaye mahindi yake: nyati akiingia usiku mmoja aweza kuharibu chakula cha nyumba nzima, na fidia iliyowekwa na sheria ya mwaka 2013 wengi wameingoja muda mrefu. Hata hivyo, njia ikizibwa, kiu haitaisha. Mnyama atavunja ua ulio karibu naye. Basi ni busara wakulima waketi na maofisa wa hifadhi, wakubaliane mahali patakapoachwa wazi kabla vigingi havijachimbiwa.

Kiingilio, ndugu zangu, si bei ya twiga. Hutupa ruhusa ya kutazamia tu. Tuzilinde njia hizo, ili watoto wetu nao wapandapo Longonot wawe na cha kutazamia.