GARI LA KUAZIMA LISIKUDHARAULISHIE NEEMA YAKO



Ndugu yangu katika imani, kuna mtihani ambao wengi hatuuhesabu kuwa ni mtihani, kwa sababu unakuja na tabasamu na ufunguo mkononi. Unapeleka gari lako kwa wakala, wanakwambia matengenezo yatachukua siku tatu, na wanakupa jingine la kutembelea. Hilo jingine ni la bei ambayo hukuwahi hata kuiuliza.

Nami hapa Maskati niliwahi kupewa Lexus LX 600 kwa siku tatu. Nitakwambia ukweli: ni gari zuri. Mwili wake umejengwa juu ya msingi ule ule wa Land Cruiser 300 tunayoijua, injini ni ya lita 3.5 yenye nguvu ya farasi 409. Ukiwa Barabara ya Sultan Qaboos, kilomita 120 kwa saa, viraka vya lami vinapita chini yako kama habari ya watu wengine. Nje jua la Julai, ndani unatafuta koti. Na unakaa juu, unawatazama wenzako kutoka juu. Hapo ndipo pa kujichunga.

Sisemi kizuri ni haramu. Katika Surat an-Nahl, Allah ametaja farasi, nyumbu na punda kuwa ni vya kupanda na ni pambo pia. Hakuna aliyesema mchamungu lazima apande gari bovu. Ninachosema ni hiki: muuzaji ana akili, na siku tatu zinamtosha. Utarudi kwenye gari lako, lile lililompeleka mtoto hospitali usiku wa manane, lile lililokufikisha Ijumaa miaka sita, na utasikia kelele ambazo wiki iliyopita hukuzisikia. Mtume (s.a.w.) alitufundisha, katika mambo ya dunia, tumtazame aliye chini yetu ili tusidharau neema. Gari hili linakuzoesha kinyume chake.

Basi ukipewa, shika mambo matatu.

KWANZA: Jua kuwa ni ariya, yaani kitu cha kuazima, na ariya ina hukumu zake. Wakati wa vita vya Hunayn, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliazima deraya kwa Safwan bin Umayya, naye Safwan alikuwa bado hajasilimu. Safwan akauliza kama ananyang'anywa. Mtume akamhakikishia kuwa ni azima yenye dhamana, na baadhi zilipopotea akataka kumlipa. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani tumelelewa nayo, kitu ulichoazima kikiharibika nje ya matumizi uliyoruhusiwa unalipa, hata kama hukuzembea. Mahanafi wanaona ni amana, unalipa ukizembea. Kwa hiyo usome mkataba kabla ya kutia saini. Usimpe shemeji aende nalo Nizwa, kwani aliyeazimwa ni wewe. Ukilikwaruza, sema kabla hawajaona. Na petroli irudishe kama ulivyoikuta.

PILI: Usijipambe nalo. Mkono kwenye usukani, nembo inaonekana, chini umeandika "Alhamdulillah" tu. Ulimi haujasema uongo, lakini picha imesema. Mtume (s.a.w.) alimfananisha anayejionesha kwa asichopewa na mtu aliyejivika mavazi mawili ya uongo. Halafu tazama madhara yake. Dada yako Unguja ameiona picha. Mwezi ujao anakuomba ada ya mtoto, unamwambia huna, na kweli huna. Atakuamini vipi? Umeuchafua udugu wa miaka arubaini kwa gari la siku tatu.

TATU: Usitie saini ya mkopo ukiwa bado una joto la kiti kile. Mkopo wa riba hauna mjadala; Qur'an imeuita vita na Allah na Mtume wake. Utaniambia, "Sheikh, Oman imeruhusu benki za Kiislamu tangu 2011, nitachukua murabaha." Sawa. Benki ikilinunua gari kwanza, ikalimiliki, kisha ikakuuzia kwa bei na faida inayojulikana, ni halali. Lakini halali ya mkataba haipunguzi uzito wa deni. Yule maiti aliyeletwa kwa Mtume (s.a.w.) asaliwe, Mtume akajizuia mpaka Abu Qatada alipolibeba deni lake, hakusimuliwa kuwa alikula riba. Alidaiwa dinari chache tu na hakuacha cha kulipia. Wewe unataka kubeba miaka mingapi ya mshahara, kwa sababu ya kiti kinachopoza mgongo?

Subiri mwezi mmoja. Ikiwa haja ni ya kweli, familia imekua na uwezo upo, nunua kwa halali na uendeshe kwa raha. Ikiwa ni jicho tu, mwezi ukiisha litakuwa limepoa.

Na kila unaposoma dua ya kupanda kipando, zingatia inapoishia: kwa Mola wetu tutarejea. Hata lile gari lenye jina lako kwenye kadi utalirudisha, ila tarehe yake hukuandikiwa.

Allah atupe vipando vyenye baraka na macho yanayotosheka, na atuondoe duniani tukiwa hatuna deni la mtu shingoni. Amin.

Mfikishie na mwenzako, hasa yule ambaye leo yuko kwa wakala anasubiri gari lake.