Barua ya Karani: Walionong'ona Mlangoni



Juma hili nataka kuwasimulia habari ya kijana mmoja wa India na hesabu zake za nyota. Msiupite ukurasa huu mkidhani ni mambo ya wenye vyuo vikuu tu. Habari hii imenikamata mimi mwenyewe, na mwishoni nitawaambia kwa nini.

Kijana huyo aliitwa Subrahmanyan Chandrasekhar. Alizaliwa Lahore mwaka 1910, akasoma Madras. Mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka 19, alipata msaada wa serikali ya India kwenda kusoma Cambridge, Uingereza. Mamaye alikuwa mgonjwa sana, lakini mama huyo ndiye aliyemhimiza aende. Basi akapanda meli huko Bombay. Hawakuonana tena, mama alifariki mwaka uliofuata.

Baharini kijana hakukaa bure. Alitwaa karatasi akaanza kujiuliza: nyota ikizeeka, mwisho wake ni nini?

Tuelewane kidogo hapa. Uzito wa nyota huivuta yenyewe kwa ndani, na joto lake husukuma kwa nje. Maadamu joto lipo, mambo ni sawasawa. Lakini akiba yake ikiisha, uzito hushinda, na nyota husinyaa. Wataalamu walikwisha kuona nyota za namna hiyo, nazo huitwa vibete vyeupe. Kimoja ni mwenzi wa Sirius, ile nyota ing'aayo kupita zote usiku. Uzito wake wakaribia ule wa jua letu, lakini ukubwa wake ni kama wa dunia tu. Kijiko kimoja cha chai cha kitu hicho kina uzito wa tani kadhaa!

Siku zile wengi waliamini kwamba kila nyota, ndogo kwa kubwa, huishia katika hali hiyo na kupumzika. Hesabu za kijana zilisema sivyo. Ndani ya kibete cheupe, wachukuzi wa mzigo ni chembe ndogo mno ziitwazo elektroni, kama vile nguzo zinavyobeba paa. Na kila nguzo ina kiasi chake. Uzito ukizidi ule wa jua letu mara 1.4 hivi, elektroni hushindwa, na nyota huendelea kuporomoka.

Tarehe 11 Januari 1935, kijana alisimama London mbele ya Chama cha Kifalme cha Elimu ya Nyota kueleza hesabu zake. Alikuwa na miaka 24 tu. Katika mkutano ule alikuwapo Sir Arthur Eddington, mtu mwenye sifa kubwa. Mwaka 1919 bwana huyu alisafiri mpaka kisiwa cha Principe, upande wa magharibi wa Afrika, kupima kupatwa kwa jua, na vipimo vyake viliunga mkono mafundisho ya Einstein. Naye alimpenda kijana. Miezi mingi alikuwa akimtembelea chumbani na kumwuliza kazi yaendeleaje, wala hakumdokezea kwamba ana neno.

Kijana akamaliza kusema, akaketi. Eddington akainuka. Akasema kwamba nyota haiwezi kufanya upuuzi kama ule, na kwamba lazima iko sheria ya maumbile ya kuizuia. Aliyasema kwa mzaha, nao ukumbi ukacheka. Baada ya mkutano watu walimwendea kijana mmoja mmoja kumpa pole, kana kwamba amefiwa.

Kijana akawaandikia mabingwa wa fizikia, nao wakazitazama hesabu zake. Akina Bohr na Pauli waliona kwamba Eddington amekosea. Lakini walisema hivyo faraghani tu. Hawakutaka kulisema neno hilo mbele ya watu.

Mwaka uo huo Umoja wa Kimataifa wa Elimu ya Nyota ulikutana Paris. Huo ndio mkutano wa dunia nzima, na kwa mtaalamu chipukizi, kusikilizwa pale ni jambo kubwa. Eddington alisema tena kwa kirefu dhidi ya hesabu zile. Kijana akaomba ruhusa ya kujibu. Mwenye kiti alikuwa Henry Norris Russell wa Marekani, ambaye faraghani alikwisha kumwambia kwamba hakubaliani na Eddington. Lakini ruhusa hakumpa.

Basi kijana akafanya nini? Hakutukana mtu. Mwaka 1937 alianza kazi katika Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1939 alitoa kitabu kilichoeleza yote kwa utaratibu, kisha akashika kazi nyingine. Hata urafiki wake na Eddington hakuuvunja, na mzee yule alipofariki mwaka 1944, Chandrasekhar alimsifu kwa heshima kubwa. Ukweli nao haukuoza. Mwaka 1983 alipewa Tuzo ya Nobel. Leo kila asomaye elimu ya nyota hufundishwa kile kiasi cha 1.4, nacho kina jina lake. Nyota zinazopita kiasi hicho zimefungua njia ya kuelewa yale yaitwayo mashimo meusi.

Umoja ule nao umebadilika. Tangu mwaka 2018 una mlango maalumu wa wanachama chipukizi, na mwaka 2024 ulifanya mkutano wake mkuu Cape Town, mara ya kwanza katika Afrika.

Sasa nakuja kwangu. Miezi mitatu iliyopita tulikuwa na kikao cha kujenga mnara wa tangi la maji kigangoni. Kijana mmoja aliyejifunza uashi aliinuka akasema matofali yale hayakuiva vizuri, na nguzo ni nyembamba. Wazee wakacheka. Mmoja akasema, "Mtoto wa juzi atufundishe kujenga?"

Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika kumbukumbu. Katika chuo cha ualimu nilifundisha watoto hesabu hiyo hiyo: lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 5,000 ni tani tano. Nilijua kijana ana haki. Lakini mzee aliyecheka ni baba yangu mdogo, nami nikainamia daftari langu. Maneno ya kijana sikuyaandika hata.

Tulipotoka nilimshika mkono mlangoni nikamnong'oneza, "Ulisema kweli." Akaniamkia kwa adabu, akasema, "Asante, mwalimu. Mbona hukusema mle ndani?"

Wasomaji, sikuwa na jibu. Kicheko cha wazee kilimwumiza, najua. Lakini nadhani mnong'ono wangu ulimwumiza zaidi, maana mzee aliyecheka hakujua, na mimi nilijua.

Mnara umesimama, na tangi liko juu, bado tupu, likingoja mvua. Chini yake watoto hucheza kila jioni. Jumapili ijayo tunakutana tena. Nimekwisha kuandika neno la nguzo liwe la kwanza katika shughuli za kikao, na jina la kijana nimeliandika pale pale. Nitamwamkia baba mdogo kwanza, kama inavyonipasa, halafu nitasimama nitoe hesabu yangu mbele ya wote. Wakitaka kucheka, basi watucheke wawili.

Nanyi, katika vikao vyenu, mwangalieni anayeinamia daftari.

Ni mimi,
Karani wenu