Kabla ya Kuongeza Mbolea, Tazama Mizizi



Maharagwe yakigeuka manjano, wengi wetu hukimbilia dukani kununua mbolea. Katika shamba la kawaida huenda ikafaa. Lakini kama shamba hilo lilikuwa la kahawa kwa miaka mingi, kisha miti ikang'olewa, basi ngojea kidogo. Huenda udongo hauna njaa, bali umeshiba kupita kiasi, na kilichoushibisha ni shaba.

Shaba hiyo ilitoka wapi? Ugonjwa wa kahawa uitwao CBD ulionekana Kenya mwaka 1922. Kwa miaka mingi wakulima wamepigana nao, pamoja na kutu ya majani, kwa kunyunyiza dawa ya shaba, ambayo wengi huiita kopa. Dawa hiyo imeokoa kahawa nyingi, wala simlaumu aliyeitumia. Lakini shaba haiozi, na mvua haiishushi mbali. Inadondoka kutoka majanini na kubaki katika udongo wa juu, pale pale mbegu zinapoota. Fanya hesabu: unga wa dawa ulioandikwa 50 kwa mia una kilo 5 za shaba katika kila kilo 10. Zidisha kwa miaka yote uliyonyunyiza. Mpango wa kimataifa wa kugawa mauzo ya kahawa ulipovunjika mwaka 1989, bei ilianguka, na baadaye wakulima wengi waling'oa miti yao. Miti ilikwenda, shaba ikabaki.

Kila mmea wahitaji shaba kidogo. Ikizidi, huanza kuudhuru mmea chini ya ardhi, ambapo hatutazami. Kwa hiyo ng'oa mche mmoja kwa uangalifu, uoshe mizizi, uiangalie. Mizizi iliyodhurika huwa mifupi, minene, ya rangi ya kahawia, na vijizizi vya pembeni ni vichache. Katika maharagwe, vile vifundo vinavyotengeneza chakula cha mmea kutokana na hewa huwa haba.

Kisha tazama majani. Mmea wenye njaa ya naitrojeni huanza kugeuka manjano kwa majani ya chini, yaliyo mazee. Shaba ikizidi huzuia mmea kupata madini ya chuma. Basi majani machanga ya juu ndiyo hupauka kwanza, huku mishipa yake ikibaki kijani. Dalili hizi ni mbili tofauti, na dawa yake si moja.

Waweza pia kufanya jaribio nyumbani. Chukua mikebe miwili iliyotobolewa chini. Mmoja ujaze udongo wa kahawa, wa pili udongo wa aina ile ile kutoka mahali ambapo hapakunyunyizwa dawa. Panda maharagwe ya mbegu moja, mwagilia sawasawa, na baada ya majuma matatu linganisha mizizi.

Hata hivyo, jicho huleta shaka tu, halitoi hukumu. Udongo wenye asidi nyingi nao hufupisha mizizi. Mwenye kuamua ni maabara, kama ile ya KALRO huko Kabete. Chota udongo mahali 10 hadi 15, kina cha sentimita 20, uuchanganye katika ndoo ya plastiki. Usitumie chombo cha shaba wala ndoo ya mabati, kwa maana vitaharibu kipimo. Na useme wazi kwamba wataka shaba ipimwe, kwa kuwa si kila kipimo huihesabu.

Wengine watasema kupima ni gharama. Ni kweli. Lakini kumwaga mbolea msimu baada ya msimu pasipo mavuno ni gharama kubwa zaidi. Tena mbolea kama DAP huongeza asidi, na asidi huifungua shaba iingie mizizini kwa wepesi. Mkulima hununua dhara kwa fedha zake mwenyewe.

Maoni yangu ni haya. Vyama vya ushirika vya kahawa vina vitabu vya madeni ya pembejeo, navyo vyaonyesha kila mwanachama alichukua dawa kiasi gani. Vitabu hivyo visiliwe na mchwa. Vifunguliwe, mashamba yaliyonyunyizwa zaidi yajulikane, na chama kisaidie kulipia kipimo kabla mwanachama hajabadilisha zao.

Shaba ikithibitishwa kuwa nyingi, tia chokaa kwa kiasi kitakachoelekezwa na kipimo, ongeza samadi iliyooza vizuri, na umwulize Bwana Shamba mbolea isiyoongeza asidi. Haya hayaiondoi shaba, lakini huifunga isiudhuru mmea. Nawe unayeendelea na kahawa, fikiria Ruiru 11 au Batian, zinazostahimili CBD na kutu, upunguze dawa.

Basi msimu huu, kabla hujafungua mfuko wa mbolea, ng'oa mche mmoja.